Fizikia ya Nyuma ya Pazia



Mwanafunzi yeyote aliyepita kidato cha kwanza nchini Kenya atakuambia, hata ukimwamsha usiku wa manane, kwamba taswira katika kioo bapa iko nyuma ya kioo kwa umbali ule ule ambao kitu kiko mbele yake. Ameiandika daftarini, ameijibu kwenye mtihani na kupewa alama zake. Sasa mpe kazi nyingine. Mwambie kwamba katika tamthilia ya shule yao kuna mama aliyefariki, na katika onyesho la tatu mzuka wake unamjia binti yake na kumgusa bega. Mpe kipande kikubwa cha kioo cha dirisha, taa mbili, kitambaa cheusi, na giza la bwalo la chakula baada ya maakuli ya jioni. Mwambie amweke mama mahali ambapo mkono wake utafika begani pa binti, usipungue wala kuzidi.

Hapo ndipo ile sentensi ya daftarini inapopata kazi ya kufanya. Kioo kinasimamishwa mshazari, nyuzi 45 kutoka upande wa watazamaji. Mama anafichwa pembeni mwa jukwaa, wasipoweza kumwona moja kwa moja, amevaa nguo nyeupe na kumulikwa sawasawa, na nyuma yake kimetandazwa kile kitambaa cheusi. Watazamaji wanamtazama binti kupitia kioo, na papo hapo wanamwona mama aliyeakisiwa na kioo hicho hicho. Mama akiwa mita mbili na nusu kutoka kwenye kioo, taswira yake iko mita mbili na nusu upande wa pili, na binti hana budi kusimama hapo hapo. Akisogea nusu mita mbele au nyuma, aliyeketi katikati ya ukumbi huenda asitambue kitu, lakini walioketi kando watauona mkono ukielea hewani bila kugusa bega. Watazamaji wa kando ndio wasahihishaji wa kazi hii, na hawana huruma.

Mbinu hiyo ilizaliwa mikononi mwa watu wa sayansi. John Henry Pepper, mhadhiri wa Royal Polytechnic mjini London, aliionyesha hadharani mkesha wa Krismasi mwaka 1862, akiendeleza wazo la mhandisi Henry Dircks, na watu wakafurika kuja kuona mzuka. Miaka 19 baadaye, katika jiji hilo hilo, ukumbi wa michezo wa Savoy ukawa jengo la kwanza la umma duniani kumulikwa lote kwa umeme, kwa taa zipatazo 1,200 za Joseph Swan. Watu waliogopa moto. Basi tarehe 28 Desemba 1881 mwenye ukumbi, Richard D'Oyly Carte, alipanda jukwaani na taa inayowaka, akaizungushia kitambaa chepesi kinachoshika moto haraka, akaipasua mbele ya watu wote. Taa ikazima, kitambaa hakikuungua. Wengi waliokuwa ukumbini walijifunza siku hiyo jambo la umeme ambalo hakuna gazeti lililokuwa limeweza kuwasadikisha.

Nimeanzia mbali ili nifike Kilungu. Ukitoka barabara kuu ya Mombasa pale Salama, ukapanda kupitia Kilome kuelekea Nunguni, unaingia katika nchi ya milima yenye shule nyingi. Ipo Precious Blood ya wasichana, inayojulikana nchini kote, na zipo shule nyingi ndogo za kutwa ambazo majina yake hayavuki mpaka wa kata. Zipo zenye maabara kamili, na zipo zenye kabati moja tu la vifaa ambalo mwalimu analifungua kwa uangalifu kwa sababu lenzi zilizobaki ni chache. Lakini shule iliyowahi kuingia mashindano ya drama, hata kama iliishia ngazi ya chini kabisa, haikosi stoo yenye kuta za bandia za plaiwudi, mapazia, kamba, tochi, karatasi za nailoni za rangi na bati la kutikisia radi. Tamasha za drama za shule zetu zilianza mwaka 1959. Kwa zaidi ya miaka 60 tumekuwa tukinunua na kuunda vifaa hivi, tukivitumia wiki chache za mwanzo wa mwaka, kisha tukivifungia. Ninachosema leo ni kwamba stoo hiyo ni maabara ya pili ya fizikia, na mwalimu wa fizikia apewe ufunguo wake.

Makueni, kaunti ya Kilungu, si mgeni wa fikira hii. Mwaka 1998 Serikali ya Kenya, kwa ushirikiano na shirika la Japani la JICA, ilianzisha mradi wa kuimarisha ufundishaji wa hisabati na sayansi, ule walimu waliouzoea kwa jina la SMASSE. Ulianza katika wilaya tisa za majaribio, na Makueni ilikuwa mojawapo, kabla ya kuenezwa nchi nzima kuanzia mwaka 2003. Mafunzo yake yalisisitiza mambo manne: shughuli, mwanafunzi mwenyewe kuwa mtendaji, majaribio, na kubuni vifaa kutokana na vilivyopo. Hilo la nne ndilo walimu wengi walilolikumbatia, wakatengeneza mizani kwa vijiti na chupa za plastiki. Sijui kwa nini tulipokuwa tukitafuta vilivyopo tuliishia kwenye chupa, na mita chache kutoka hapo kulikuwa na jukwaa zima.

Tuchukue taa. Kanuni inasema mwanga hupungua kwa mraba wa umbali: ukienda mbali mara mbili, mwanga unabaki robo. Ukiisoma hivyo ni hesabu kavu. Ipeleke jukwaani. Funga taa mita mbili kutoka kwa mwigizaji, kisha mwambie arudi nyuma hatua moja, awe mita tatu. Mwanga usoni pake umeshuka hadi sehemu nne kwa tisa, yaani chini ya nusu. Amerudi hatua moja tu, na uso wake umefifia. Sasa ipeleke taa mita nane, uchague yenye nguvu zaidi ili uso uonekane sawa na mwanzo. Mwigizaji akirudi hatua ile ile, kutoka mita nane hadi tisa, anabaki na karibu asilimia 79 ya mwanga wake, na jicho la mtazamaji halioni tofauti kubwa. Ndiyo maana mafundi wa taa hupenda kuzifunga mbali. Mwanafunzi aliyewahi kumpoteza mwigizaji wake gizani kwa hatua moja haulizi tena kwa nini tunapiga mraba.

Rangi nazo zina mafunzo yake. Katika chungu cha rangi, nyekundu na kijani hutoa tope la kahawia. Katika mwanga, tochi yenye nailoni nyekundu na tochi yenye nailoni ya kijani zikikutana juu ya ukuta mweupe hutoa manjano, na watoto hukataa kuamini mpaka wazime moja. Gauni jekundu chini ya taa ya kijani hugeuka jeusi au karibu na jeusi, kwa sababu kitambaa hicho kinaakisi nyekundu na nyekundu haipo katika mwanga huo. Mshonaji wa mavazi ya drama anahitaji kulijua jambo hili kabla ya siku ya mashindano, si baada ya hapo.

Lakini sehemu ninayoipenda zaidi ni ile ya mbao, kamba na mchanga, kwa sababu huko ndiko wanafunzi wengi, hasa wasichana, hukata tamaa. Katika mtaala wa 8-4-4 unaoelekea ukingoni, mwanafunzi hufika kidato cha tatu akaruhusiwa kuiacha fizikia, na wengi huiacha. Sasa fikirini shule ya wasichana inayotayarisha onyesho. Hakuna kaka wa kuitwa aje kuinua. Pazia na mti wake vina uzito wa kilo 60, na lazima vipande mita tatu. Msichana mmoja anaweza kujaribu kuvuta kwa kapi moja iliyofungwa juu: atavuta nguvu sawa na uzito wote, takriban nyutoni 600, na huenda akanyanyuka yeye badala ya pazia. Waongeze kapi ya pili inayotembea pamoja na mzigo, na nguvu inayohitajika inashuka kuwa nyutoni 300. Malipo yake ni kamba: ili pazia lipande mita tatu, kamba ya mita sita lazima ipite mikononi.

Hapo mwalimu afunge mizani ya springi kwenye kamba na kuwaambia wasome. Haitasoma 300. Labda itasoma 360, kwa sababu kapi zina msuguano na nazo zina uzito wake. Kazi iliyotoka ni nyutoni 600 mara mita 3, jouli 1,800. Kazi iliyoingia ni 360 mara 6, jouli 2,160. Ufanisi wa mashine yao ni asilimia 83. Watie mafuta kwenye ekseli, wavute tena. Ufanisi ukipanda hadi asilimia 88, wameboresha mashine kwa mikono yao wenyewe, na swali la ufanisi wa mashine katika karatasi ya mtihani litawakuta wakiwa wenyeji. Kisha waonyeshe walivyofanya mafundi wa majumba makubwa ya michezo: badala ya kuongeza kapi, upande wa pili wa kamba ning'iniza mfuko wa mchanga wenye uzito sawa na pazia. Pazia zima sasa linapanda kwa msukumo mdogo wa mkono mmoja.

Mchanga, Makueni, ni mali. Kaunti hii ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga wake mwaka 2015, baada ya malori kuichimba mito mpaka maji yakazama. Kwa hiyo simwambii mtu akajaze malori. Mifuko michache inatosha. Ukuta wa bandia wa mita 2.4 unasimama uwanjani, na upepo wa Kilungu unaupiga kutoka nyuma kwa nguvu ya, tuseme, nyutoni 40. Nguvu hiyo tuichukulie kana kwamba inasukuma katikati ya ukuta, mita 1.2 kutoka chini. Ukiuacha uzito wa ukuta wenyewe, momenti ya kuuangusha ni 48. Mwega wa nyuma una urefu wa mita 0.8 ardhini. Gawanya 48 kwa 0.8, unapata nyutoni 60: mfuko wa kilo sita kwenye ncha ya mwega, na kuta hazimwangukii mtu. Mwanafunzi akiuweka mfuko huo karibu na ukuta badala ya ncha ya mwega, upepo utamwonyesha kosa lake kabla mwalimu hajafungua kinywa.

Tena kuna mwili wa binadamu. Ngoma za sarakasi za Wakamba zimewashangaza wageni kwa miaka mingi pale Bomas of Kenya, na watoto wa Kilungu hawahitaji kupelekwa Nairobi kuziona. Mchezaji akijirusha juu na kupinduka, kitovu cha uzito wake kinafuata njia moja ya upinde ambayo hawezi kuibadilisha akiwa hewani, afanye afanyavyo na mikono na miguu. Anachoweza kubadilisha ni kasi ya kuzunguka: akijikunja anazunguka haraka, akijinyoosha anapunguza mwendo ili atue kwa miguu. Mpigeni video kwa simu. Simu nyingi hurekodi picha 30 kwa sekunde. Mkihesabu picha 24 tangu miguu iondoke ardhini mpaka irudi, amekaa hewani sekunde 0.8, na hesabu ya mwanguko itawaambia kwamba amepanda takriban sentimita 78. Pimeni kiunoni pake kwenye video mwone kama inakubaliana. Haitakubaliana kabisa, kwa sababu ametua akiwa amekunja magoti zaidi kuliko alivyoruka, na mjadala huo wa magoti una fizikia nyingi kuliko jibu lenyewe.

Na sauti? Milima inajibu huko. Simama mita 50 mbele ya ukuta mrefu wa darasa, gonga vibao viwili, usikie mwangwi. Endelea kugonga kwa mdundo ambao mwangwi unaangukia katikati kabisa ya pigo moja na linalofuata. Mpiga ngoma wa shule ataupata mdundo huo upesi kuliko mwanafunzi anayeongoza darasa. Mwenzake mwenye saa aanze kuhesabu kutoka sifuri, si moja, mpaka 20. Zitapita kama sekunde 12. Katika kila nafasi kati ya mapigo mawili sauti ingeweza kwenda na kurudi mara mbili, yaani mita 200. Nafasi 20 ni mita 4,000. Gawanya kwa 12, unapata mita 333 kwa sekunde. Vitabu vinasema karibu 340. Vipande viwili vya mbao vimewafikisha hapo.

Wapo watakaosema haya ni ya shule zenye pesa. Nawakumbusha Kamirithu. Mwaka 1977, huko Limuru, wakulima na vibarua walijenga ukumbi wao wa wazi wa kuchezea tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii. Ngũgĩ wa Thiong'o alisimulia kwamba waliubuni kwa kupanga njiti za kiberiti chini ardhini, kisha wakaunda mfano mdogo, na kutokana na mfano huo wakajenga jukwaa lenyewe. Serikali ilipiga marufuku mchezo ule mwaka huo huo, na mwaka 1982 ukumbi ukabomolewa. Hasara tunayoitaja siku zote ni ya siasa na ya sanaa, na ni kweli. Mimi naongeza nyingine: walibomoa pia mahali ambapo wakulima na vibarua walikuwa wamekokotoa vipimo kutoka njiti hadi mbao na kupata jibu sahihi. Kilungu ina miteremko iliyokatwa matuta ya fanya juu tangu zama za wazee wetu. Mteremko wa namna hiyo ni viti tayari. Swali la kama aliyeketi tuta la tano ataiona miguu ya mwigizaji juu ya kichwa cha aliyeketi tuta la nne ni swali la mwanga kusafiri katika mstari mnyoofu, iliyokuwa mada ya kidato cha kwanza, na linajibiwa kwa uzi na misumari miwili.

Nitenganishe jambo hapa, kwa maana huchanganywa. Zipo shule zinazoingiza sayansi jukwaani kwa kuwavalisha watoto makoti meupe waimbe sheria za Newton. Wimbo utawasaidia kukumbuka maneno, na kukumbuka kuna faida yake. Lakini anayeimba kwamba kani na mjibizo ni sawa bado hajagusa kani yoyote. Fizikia iko kwa yule aliye nyuma ya pazia akishika kamba, na kwa kawaida huyo hatajwi hata jina.

Wala si kila mada itaingia stoo. Unururifu hauingii, eksirei haiingii, na mwalimu asilazimishe. Umeme wa ukutani wa volti 240 usiguswe na mwanafunzi kamwe. Taa za LED za betri ya volti 12 zinatosha kufundisha sakiti sambamba na sakiti mfuatano, na kuonyesha kwa nini taa moja ikiungua nyingine zote zisizime katikati ya onyesho. Kila kinachoning'inia juu ya vichwa kifungwe kamba mbili, ya kazi na ya usalama. Mwalimu anayeuliza atamaliza silabasi saa ngapi namwelewa, na namjibu kwamba KCSE ina karatasi nzima ya vitendo, karatasi ya tatu, na huko wanafunzi hawaangushwi na kukosa kukariri. Huangushwa na kushika kifaa kwa mara ya kwanza siku ya mtihani.

Haraka yangu ina sababu. Mwezi Januari mwaka 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10, wakagawanywa katika mikondo mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Kijana wa miaka 15 anayependa jukwaa ameelekezwa mlango mmoja, na anayependa sakiti mlango mwingine. Kwenye ratiba, sawa. Lakini onyesho la shule linawahitaji wote wawili usiku mmoja, wakibishana kuhusu taa ile ile. Shule za Kilungu zinaweza kuamua, bila kusubiri waraka kutoka Nairobi, kwamba kila tamthilia itakayopelekwa mashindanoni itakuwa na daftari la jukwaa: michoro ya taa na umbali wake, hesabu ya kila mwega, usomaji wa mizani kwenye kila kamba, majina ya waliopima. Mwalimu wa fizikia alisahihishe na kulipatia alama kama kazi nyingine yoyote ya vitendo.

Nanyi majaji wa tamasha, mkimaliza kumsifu mwigizaji mkuu, mwiteni msichana aliyeshika taa. Muulizeni kwa nini ameifunga mita nane na si mbili, na mumpe muda wa kuchora.